Kipande cha Baba

Msikilizaji, karibu tukae pamoja, wewe uliye jikoni, wewe uliyetundika redio kwenye tawi huko shambani, nawe uliye ndani ya basi kati ya Dumila na Kilosa.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Dar es Salaam aliniletea ujumbe. Mwanawe ana miaka 9. Alikuwa darasa la tatu katika shule ya serikali, darasa lenye watoto zaidi ya 100, na siku moja alirudi nyumbani na alama za fimbo miguuni kwa sababu alishindwa kusoma maneno ambayo, kule nyuma alikokaa, hata hakuyaona vizuri ubaoni. Mama huyo ni mhasibu. Kasoma, ana kompyuta, ana kazi anayoweza kuifanyia nyumbani. Akamtoa mtoto. Sasa anamfundisha mwenyewe sebuleni, kwa saa nne kila siku, na anasema mtoto ameanza kucheka tena. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, nimekosea?"

Nimetembea na swali hilo siku kadhaa. Mtu akikuuliza habari za mwanawe, hujibu ukiwa umesimama. Na kila nilipokaa ili kulijibu, mawazo yalinirudisha Kimamba. Basi, dada yangu, nivumilie. Nitakujibu kwa kupitia huko.

Kimamba ni mji mdogo wilayani Kilosa, kwenye Reli ya Kati, kabla hujafika Kilosa ukitokea Morogoro. Reli aliijenga Mjerumani, na kandokando ya reli yakaja mashamba ya mkonge. Wenyeji, Wasagara na Wakaguru, walikuwa na mashamba yao na hawakuwa na haraka ya kwenda kuchomwa na miiba ya mtu mwingine. Kwa hiyo wakata mkonge waliletwa kutoka mbali: Wabena, Wangoni, Waha, Wamakonde, na wengine hata kutoka ng'ambo ya mipaka. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba, na namba ikakaa mahali pa jina. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao, SILABU, ambalo kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu hao vijijini na kuwasafirisha hadi mkongeni.

Baba alifika kwa njia hiyo, akitokea Songea. Mama ni Mkaguru, walikutana hapohapo. Mimi nimezaliwa kambini, katika nyumba za laini, chumba kimoja na jiko la nje. Shamba lenyewe sitalitaja. Alfajiri saa kumi baba alikuwa ameshatoka. Wakata mkonge walikata majani, wakayafunga mafungu, wakayapanga, toroli likayachukua kuyapeleka korona. Ndiyo, korona. Kabla ugonjwa haujalichukua neno hilo, kwetu sisi lilikuwa jina la mashine inayokamua majani hadi zibaki singa nyeupe, na harufu ya makapi yake hukaa kwenye nguo hata uzifue vipi.

Sasa sikiliza habari za kipande. Kipande kilikuwa kadi ngumu yenye visanduku. Ukimaliza kazi ya siku uliyopangiwa, karani anakutilia alama kwenye kisanduku kimoja. Mwisho unakwenda dirishani kupokea kwa hesabu ya alama zako. Jina hilo la kipande ni la enzi za ukoloni, na wazee waliendelea nalo hata baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalipochukuliwa na serikali mwaka 1967.

Baba hakujua kusoma. Alikitunza kipande chake ndani ya mkebe wa tumbaku, na mkebe aliuweka juu ya mtambaapanya tusije tukaugusa. Lakini alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Kila jioni akirudi, kabla hajanawa, aliokota mkaa jikoni akachora mstari mmoja nyuma ya mlango. Mwezi ukiisha anaupangusa mlango kwa kitambaa cha maji, anaanza upya.

Mwaka 1977 nilikuwa darasa la tatu. Jioni moja nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, mkebe mkononi, akigusa mistari mmoja mmoja kwa ncha ya kidole. Alihesabu mara tatu. Mistari 27. Kisha akanipa kile kipande, mara ya kwanza maishani mwangu kukishika, akasema, "Wewe unakwenda shule. Niambie kinasema nini." Nikapangusa mikono kwenye kaptula. Nikahesabu alama: 25. Nikaanza tarehe moja, nikashuka nazo taratibu, nikazikuta mbili tupu, tarehe 11 na tarehe 12. Baba akafumba macho kidogo akikumbuka. Siku hizo mbili walikuwa wamehamishiwa kitalu cha mbali, chini ya mnyapara mwingine.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda dirishani. Dirisha lilinizidi kimo; niliona paji la uso la karani tu. Baba akaeleza, mimi nikasoma tarehe. Karani akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole, akanyamaza, akachukua kalamu na kutia alama mbili. Hakuomba radhi wala hakugomba. Aliuliza tu, "Huyu mtoto anasoma wapi?" Baba akamjibu, "Hapahapa."

Jioni hiyo mlangoni kwetu walisimama watu sita, kila mmoja na kipande chake.

Halafu zikaja barua. Kambi nzima ilikuwa na barua zilizofungwa kwenye leso, nyingine zimekaa miezi zikisubiri mtu wa kuzisoma ambaye hatatangaza siri za watu. Barua za Songea, za Njombe, za Kasulu. Nilikuwa mtoto mdogo, nikasoma mambo makubwa kuliko mimi. Kulikuwa na mzee mmoja Muha, hana mke wala mtoto, ambaye alinipa barua ya nduguye huku akitabasamu kwa hamu. Nilisoma salamu, nikasoma habari za mihogo, nikafika kwenye neno "marehemu" na mbele yake jina la mama yake. Nikasita. Mzee akasema, "Soma, mjukuu wangu, mbona umenyamaza." Nikasoma. Tangu siku ile najua kwamba kusoma ni kazi unayoifanyia watu.

Mzee yule hakuwa na mtoto shuleni, na hakupata kukaa darasani hata siku moja. Lakini shule ile ilikuwa yake pia. Ilimrudishia habari za mama yake. Mtu akiniuliza shule ya umma inamfaa nini yule asiye na mtoto, au yule mwenye uwezo wa kumfundisha wake nyumbani, mimi humwona mzee yule amekaa kwenye kigoda chetu, kofia mkononi.

Na shule ile haikuota yenyewe. Kabla ya uhuru, katika nchi hii mtoto wa Mzungu alikuwa na shule yake, wa Mhindi yake, wa Mwafrika yake, pale ilipokuwapo. Kimamba ilikuwa na Wagiriki wenye mashamba, Wahindi na Waarabu wenye maduka, na sisi wa laini. Ni mwaka 1962 ndipo mfumo wa shule kwa rangi ulipofutwa. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ikaondolewa. Mwezi Novemba 1974 chama cha TANU kikakutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe shuleni. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ukame, bei ya mafuta imepanda, hazina tupu. Mwaka ule wa 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2. Mwaka 1978 walikuwa wanakaribia milioni 3.

Walimu wa kuwafundisha watoto wote hao wangetoka wapi? Vyuo, kikiwamo Chuo cha Ualimu Ilonga hapo jirani yetu Kilosa, visingetosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundishwa ualimu hukohuko katani, huku nusu siku wakisimama darasani, wakisoma masomo yaliyotumwa kwa posta na kusikiliza mengine redioni. Hao ndio walimu wa UPE, herufi za Kiingereza za elimu ya msingi kwa wote. Baadaye watu wakaziundia herufi hizo maana yao, wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Mimi sijawahi kumwita mwalimu hivyo na sitamwita. Mwalimu aliyenifundisha tarakimu, zile zilizosoma kipande cha baba, alikuwa kijana wa UPE, shati moja la kazi, viatu vilivyoshonwa na waya. Tulikaa juu ya matofali kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Chaki ikibaki kipande kidogo kama punje ya mahindi alikibana kwa kucha akaendelea kuandika. Elimu yake ilikuwa ndogo, na yote aliyokuwa nayo alitupatia.

Najua gharama ya haraka ile. Wako wenzangu waliotoka darasa la saba hawajui kusoma sawasawa, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini ningekuwa nimeambiwa nisubiri hadi walimu bora wapatikane, ningesubiri hadi ndevu, na mkongeni ningekwenda na mkaa wangu mwenyewe wa kuchorea mlango.

Sasa nije nyumbani, maana dada yangu wa Dar es Salaam asidhani naidharau sebule yake.

Nyumbani ndiyo shule ya kwanza, na Kimamba ilikuwa na nyumba zinazofundisha. Mama alinifundisha udongo. Alikuwa akichimbua konzi moja, anaibana, anaiachia, anaangalia inavyovunjika, kisha anasema kama leo tunapanda au tusubiri. Asubuhi za Jumamosi na Jumapili tulikwenda chuoni, kwa maalimu wa Kurani, tukakariri tukiwa tunayumba pamoja kama majani. Wasichana wa kambini na wa vijijini waliwekwa ndani, wakafundwa na makungwi mambo ambayo hakuna mwalimu wa shule angeyagusa. Na darasani kwetu alikuwapo mtoto wa Kiparakuyo, wafugaji wa upande wa Rudewa, ambaye kwa hesabu za ubaoni alikuwa wa mwisho. Siku moja ng'ombe walivuka barabara mbele yetu, kundi kubwa, vumbi tupu. Akawaangalia kidogo akasema, "Yule mweusi mwenye baka jeupe tumboni hayumo." Hakuwa amehesabu. Aliwajua. Jioni alikwenda na kaka zake wakamkuta amekwama matopeni.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameyaona hayo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alieleza kwamba Afrika kabla ya shule za kikoloni haikuwa bila elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Alichokilaumu ni shule inayomtenga mtoto na wazazi wake hadi akawaona wajinga. Hoja hiyo bado ni ya leo. Mtoto yule wa Kiparakuyo alikaa miaka saba darasani na hakuna aliyemuuliza habari za ng'ombe. Akatoka akiamini hana akili. Hilo ni kosa la shule, na linanisumbua mpaka leo.

Lakini angalia upande wa pili. Baba naye alinifundisha. Alinifundisha kushika kisu cha mkonge, kuanzia majani ya chini, kuacha yale ya katikati yaendelee kukua, kukwepa ncha isikutoboe jicho. Alikuwa hodari, na angenifanya hodari. Kisha mkonge ukafa. Nyuzi za plastiki zilishusha bei, mashamba hayakutunzwa. Nchi iliyokuwa ikizalisha tani kama 230,000 mwaka 1964 ikashuka mpaka ikabaki na sehemu yake ndogo tu, na Kimamba korona zikanyamaza moja baada ya nyingine, vitalu vikawa pori. Kama elimu yangu yote ingetoka kwa baba, ningekuwa na ufundi wa kitu ambacho hakipo. Baba alilijua hilo kabla yangu. Alikuwa akiniambia, "Kisu nimekuonyesha ili ujue nimekulisha kwa nini. Shule nenda."

Na nyumba zenyewe, msikilizaji, nazo zilikwenda shule. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kikaja kisomo chenye manufaa. Jioni, watoto wakitoka, mama zetu waliingia. Nilikuwa mdogo mno nikibebwa, lakini nakumbuka koroboi tatu zimepangwa juu ya meza na harufu ya mafuta ya taa, na mama amekunja uso akiandika kama anayeshona. Mwaka 1973 redio ikaleta kampeni ya Mtu ni Afya. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake. Wanakaa chini ya mti, wanasikiliza kipindi, kiongozi anawasomea kitabu, wanajadili, kisha wanaamua la kufanya. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Kambini kwetu wiki ile ya choo walijadili Jumanne, na Jumamosi wanaume walikuwa wameingia shimoni mpaka kifuani. Uhuru ulipopatikana watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma na kuandika. Takwimu za serikali za 1970 zilionyesha wasiojua ni asilimia 67. Mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Mama yangu yumo katika hesabu hiyo. Hadi leo akitia sahihi huandika jina lote, herufi zote, na ukimwambia herufi mbili zinatosha anakasirika.

Niongeze jambo moja la mkoani kwetu, kwa sababu vijana wengi hawalijui. Baada ya watoto wa Soweto, Afrika Kusini, kuandamana Juni 1976 na kupigwa risasi kwa kukataa elimu ya kuwadumaza, wengi walikimbilia uhamishoni. Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi Mazimbu, Morogoro mjini, na ardhi yenyewe ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Hapo wakajenga shule, Chuo cha Solomon Mahlangu, kilichoanza 1978. Watu wasio na nchi, wasio na hakika ya kurudi, walijenga juu ya ardhi ya mkonge madarasa ya watoto wao wote kwa pamoja, na walimu wakatoka mataifa mengi. Kila familia ingeweza kumfundisha wake kambini jioni. Walitaka zaidi ya hapo. Walikuwa wanaandaa watu watakaoishi pamoja siku wakirudi kwao. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo hayo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Basi, dada yangu, nikujibu.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefika miaka 7 na ahakikishe anahudhuria. Kwa wenzetu wa Kenya nako suala hili limefika Mahakama Kuu, wazazi wanaofundisha nyumbani wakidai haki yao baada ya mmoja wao kushtakiwa mwaka 2019. Mambo ya sheria usiyapuuze, nenda kaulize. Lakini najua hukuniuliza habari za polisi. Umeniuliza kama umekosea.

Siku uliyomwona mwanao na alama zile miguuni, hukukosea kumkumbatia ukasema harudi kesho. Kanuni za nchi hii zinampa mamlaka ya fimbo mkuu wa shule au anayemteua, na zisizidi viboko 4, tena kwa kosa kubwa. Kushindwa kusoma ubao ulio mbali hakumo. Aliyempiga ndiye aliyevunja kanuni, na mimi binafsi natamani siku tutakapoziondoa fimbo zote. Tena wako wazazi ambao nyumbani ndipo pekee mtoto wao anapoweza kusoma kwa sasa, mtoto asiyesikia, mtoto mwenye usonji, mtoto anayeugua mara kwa mara, kwa sababu shule ya karibu haina mwalimu anayemjua mtoto wa namna hiyo. Hao siwezi kuwanyoshea kidole.

Ninachokiogopa ni hiki. Katika darasa lile la watoto zaidi ya 100, wewe ulikuwa mzazi anayejua kusoma kanuni. Ulijua kuuliza fedha za ruzuku zimekwenda wapi, kwa nini ubao haujapakwa rangi, kwa nini mtoto anapigwa. Ulipomtoa wako, watoto wale wengine walibaki na alama zao miguuni, ila sasa mtu wa kuuliza hayupo. Kesho atatoka daktari na wake, keshokutwa mwenye duka, na shule itabaki ya wale ambao baba zao wanachora mkaa nyuma ya mlango. Nimeona shule zinavyokufa. Hufa pale wazazi wenye sauti wanapoacha kuzidai.

Na mwanao, pamoja na akili atakazopata sebuleni, atamjua lini mtoto wa bodaboda, mtoto wa muuza mihogo, mtoto wa Kiparakuyo? Kimamba tulikuwa watoto wa makabila yasiyohesabika, kila nyumba na lugha yake usiku, na mchana Kiswahili kimoja juu ya matofali. Mwezi Desemba 2000, wakulima na wafugaji wa upande wa Rudewa walipigana na watu wengi wakauawa. Miongoni mwa waliojaribu kuwatuliza watu siku za baadaye walikuwamo waliosoma pamoja, waliojuana kwa majina ya utoto. Sisemi shule ingezuia damu ile, haikuizuia. Nasema tu kwamba wale waliovuka kwenda upande wa pili kuzungumza walikuwa na mtu wa kumwita.

Nakuomba, basi, dada. Endelea kumfundisha nyumbani jioni, kama unavyomfundisha, maana unamfundisha vizuri. Lakini rudi shuleni, na mtoto akiwa tayari, naye arudi. Ingia kamati ya shule. Wewe ni mhasibu; omba daftari la mapato. Wapange wazazi wengine mwende kwa mwalimu mkuu mkiwa kumi, si mmoja. Serikali imefanya mengi: tangu Januari 2016 hakuna ada kuanzia awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita vikaongezwa, fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 15,000, yakiwamo ya shule shikizi kwa watoto waliokuwa wakivuka mito kwenda mbali. Sera mpya ya elimu imepanga elimu ya lazima ifike miaka 10. Yote hayo ni kuta na karatasi mpaka mzazi aingie ndani. Uji wa saa nne kwenye shule nyingi unapikwa pale tu wazazi walipokubaliana debe la mahindi kwa kila nyumba. Na mkiingia, leteni na nyumbani kwenu: mzee wa ng'ombe aje azungumze habari za ng'ombe darasani, bibi wa udongo aje na konzi yake ya udongo.

Machi 2020 nilikuwa nimekwenda Kimamba kumtazama mama. Tarehe 17 Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa ule, nami nikakaa huko hadi Julai. Taasisi ya Elimu ikaanza kurusha masomo redioni na kwenye televisheni. Nyumba nyingi za pale hazikuwa na televisheni. Redio ilikuwapo kwetu, na betri zake zilipochoka tulizianika juani juu ya bati zikapata nguvu ya nusu saa nyingine.

Siku ya kwanza walikuja watoto wawili wa jirani. Wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja. Walikaa mbalimbali kama walivyoagizwa, chini ya mwembe wa mama. Binti mmoja wa darasa la sita alishika kijiti na kuandika mavumbini yale anayoyasema mwalimu wa redioni, maana mwalimu wa redioni haoni kama umekwama. Sehemu, theluthi, robo. Alichora duara kubwa akalikata. Mdogo mmoja akauliza kitu, redio ikaendelea mbele bila kumngoja, na yule binti akaipunguza sauti akamjibu mwenyewe. Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyosha. Akasema, "Mwanangu, andika kubwa, na mimi nione."

Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, siku ya Jumatatu. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli kilichoning'inizwa, kinagongwa kwa nondo, na ukiwa kwa mama unakisikia vizuri. Asubuhi ile sikukisikia kwanza. Nilisikia miguu, watoto wakipita mbio uwanjani kwetu wakikata njia, sare zimewabana maana miezi ile walikua. Kengele ilipogongwa walikuwa wameshapita wote.

Nikatoka nje. Mama alikuwa ameshika fagio. Alifagia majani yote ya mwembe, akafagia maganda, akafagia hadi mlangoni. Pale penye duara la theluthi alizunguka, akapaacha.